Behewa Lisukumwe Kinyumenyume

Nikisema kwamba muhula wangu wa kubadilishana kule Marekani nilitumia kila Jumanne jioni kwenye treni za plastiki, watu wanacheka. Wacheke. Klabu yetu ilikuwa ya kipimo cha HO, yaani kila kitu ni 1/87 ya kile halisi. Behewa la mizigo la futi 40 linabaki sentimita 14 hivi, unalishika kiganjani.

Sheria ya klabu ilikuwa ngumu: kama kiunganishi hakijafungwa kwenye bodi, behewa haliingii relini. Langu lilikuwa la mtumba, nimelinunua kwa kubana hela ya kula, na kiunganishi chake kilishikana na kigari cha magurudumu kinachojizungusha chini. Ukilivuta, safi. Balaa ni kulisukuma. Msukumo unaingia kwenye kigari, unakipinda pembeni, ukingo wa gurudumu unapanda reli, na hapo treni imeacha njia. Kiunganishi kikiwa kwenye bodi, msukumo unapita katikati ya behewa hadi behewa linalofuata; kigari kinabeba mzigo na kufuata reli, basi. Wapo wanaotetea mtindo wa zamani kwa ajili ya kona kali, na kwa mabehewa marefu wana hoja. Mimi nasema tanua kona.

Nikakata ule mkono wa plastiki, nikasawazisha sakafu kwa tupa, nikaweka kijisanduku cha Kadee namba 5 katikati kabisa, nikatoboa kwa drili ya mkono na kukaza skrubu. Gundi sikuitaka: ikivujia kwenye springi, kiunganishi kimekufa. Kisha kimo. Kitovu cha kiunganishi kiwe inchi 25/64 juu ya reli, karibu milimita 10. Kikishuka, waya unaoning'inia chini yake unagonga kwenye njia panda. Washa moja nyembamba juu ya kila kigari ikamaliza kazi.

Baba yangu alifanya shantingi Tabora, kwa hiyo kwetu kiunganishi si mchezo. Huko Marekani, kabla ya viunganishi vya kujifunga vyenyewe, vibarua walisimama kati ya mabehewa kutia pini kwa mkono. Wengi walipoteza vidole, wengine maisha. Eli Janney alipata hataza ya kiunganishi chake mwaka 1873, lakini sheria ya kuzilazimisha kampuni za reli ilikuja 1893. Miaka 20!

Siku ya jaribio, mzee mmoja wa klabu alipanga behewa langu katikati ya mengine 20, akasukuma treni nzima kinyumenyume kwenye njia panda zote. Nilibana pumzi. Likapita. Akaandika namba yake kwenye daftari, bila neno.

Usiku nikamtumia Baba video, kisha nikapiga simu.

"Shikamoo Baba, umeliona?"

"Marahaba. Lako zuri. Ila la tatu kutoka mwisho limeinamisha kichwa."

Jumanne iliyofuata nikalipima. Kweli, lilikuwa limeshuka.