Weupe wa Ugali

Utakapoketi mezani leo jiulize swali moja: kwa nini unataka ugali wako uwe mweupe? Wengi watajibu kwamba mweupe ndio mtamu. Lakini ulimi ukiachwa peke yake gizani, sidhani kama ungetoa hukumu hiyo kwa haraka. Anayechagua ni jicho, na jicho lina kumbukumbu zake.

Sembe hupatikana kwa kukoboa mahindi, yaani kuondoa ganda na kiini kabla ya kusaga. Pumba zinazobaki mashineni zimebeba sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, mafuta na vitamini za kundi B. (Kwa hesabu hiyo, kuku wa jirani yangu hula vizuri kuliko mwenye kuku.) Sembe nayo ina sifa yake: haina mafuta mengi ya kiini, hivyo hukaa muda mrefu, ilhali dona huwahi kuharibika.

Lakini si hilo linalotufanya tuidharau dona. Wengi wetu tuliijua bwenini au kambini, mahali ambapo mtu hachagui. Wazee nao wanaukumbuka unga wa manjano wa miaka ya upungufu wa chakula ya 1970 na 1980, ule ulioitwa "unga wa Yanga". Mahindi ya manjano yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Meupe karibu hayana kabisa. Hata hivyo ulichukiwa, kwa kuwa ulikuwa na ladha ya foleni.

Baba yangu alipopatikana na kisukari, daktari alimshauri apunguze kiasi cha ugali na ahamie dona. Sukari katika chai aliiacha siku ile ile. Dona akaikataa. "Nimesomesha watoto sita," alisema, "ili nirudi kula pumba?" Hapo hakuwa akizungumzia chakula hata kidogo, alizungumzia heshima yake.

Mama hakubishana naye. Alichanganya kikombe kimoja cha dona kwa vitatu vya sembe, baada ya majuma kadhaa nusu kwa nusu, huku akiongeza mchicha na kupunguza ugali wenyewe, maana dona nayo ni wanga, na mtu akila sinia zima sukari itapanda tu. Siku moja mzee aliuliza mbona unga wa siku hizi unanukia mahindi. Akajibiwa kwamba huenda mashine ni mpya. Sasa ndiye apelekaye mahindi mwenyewe, na humwonya msagaji asiyakoboe.