Gololi za Ruaha

Fundi seremala aliniuliza mara mbili kama kweli nataka ubao ulioinama, wenye mashimo. Nikamwambia ni mto. Wazo si langu: Bruce Lankford na wenzake waliucheza mchezo huu na wakulima wa Usangu, Mbarali. Gololi ndiyo maji. Zinateremka katikati ya ubao, na kila mchezaji anaweka kijiti, yaani banio lake, kuzigeuza ziingie kwenye mashimo yake, yaani majaruba.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano waliuelewa haraka mno. Waliokaa juu walijaza mashimo yote. Kijana aliyekaa mwisho, upande wa Hifadhi ya Ruaha na bwawa la Mtera, hakupata hata gololi moja. Akainama kuokota zilizodondoka sakafuni, wenzake wakacheka.

Kesho yake tukahamia kwenye kompyuta, nne tu, wanafunzi wakibanana. Nilikuwa nimeutengeneza mto ule ule kwa NetLogo. Ukiongeza ekari za mpunga, kina cha maji katika kinamasi cha Ihefu kinashuka taratibu na mto unaendelea kutiririka kama hakuna kilichotokea. Kikishuka chini ya mwamba ulioko kwenye mdomo wa kinamasi, mto unakatika. Gololi haziwezi kuonyesha huko kuchelewa, na mimi ndicho nilichokijia. Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi miaka ya 1990, na waliokuwa wakifungulia maji huko juu hawakuwa wakiuona mwisho wa mto.

Binti mmoja akanyoosha mkono. “Madam, huyu wa juu akipunguza maji, anakula nini?”

Kwenye modeli yangu wa juu alikuwa ekari tu. Nikajibu kwamba tutaliongeza baadaye, jibu la mwalimu aliyebanwa. Sikuwaambia kwamba ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mpunga wa mama, Mbarali, juu ya kinamasi.

Jioni nikampigia. Nikamuuliza kwa nini banio halifungwi wakati mpunga umeshavunwa. Kwa hesabu zangu, maji ya miezi hiyo yalikuwa yanapotea bure.

“Tulifunge?” akasema. “Halafu tuoge nini, mwanangu? Tunywe nini?”

Modeli nilikuwa nimeshaikabidhi kwa msimamizi wangu. Nikamwandikia kuomba anirudishie.