Mipapai ya Bibi

Kiamboni kwetu Wete, Pemba, miaka ya 1980, Bibi alipanda miche mitatu au minne ya mpapai katika shimo moja. Mche wa mpapai hautambuliki dume wala jike mpaka utoe maua, na hilo huchukua miezi mitano, sita, hata zaidi. Uliotoa maua madogo yenye kuning'inia kwenye vikonyo virefu ulikuwa dume. Madume aliyang'oa, akaacha moja ili majike yashike. Majike yalizaa mapapai ya mviringo. Lakini mmoja, nyuma ya jiko, ulizaa mapapai marefu, na kila ua lake lilikuwa na sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Bibi hakuupa jina; aliupalilia kama mingine.

Jina nililikuta chuoni, tulipofika mlango wa mirathi: huntha. Maalim alieleza kuwa ni mtu mwenye viungo vya kiume na vya kike, au ambaye hali yake haijabainika. Katika madhehebu ya Shafi hupewa fungu lililo la yakini, na kinachobaki huwekwa mpaka ibainike. Hakuna aliyecheka, maana hesabu za mirathi hazikuwa na mchezo. Neno limetoka kwenye Kiarabu, khuntha, na mzizi wake una maana ya kukunja na kulainika. Ndio huohuo unaotumika kwa kukunja mdomo wa kiriba.

Skuli, mwalimu wa baolojia alileta jina la Wayunani: Hermaphroditos, mwana wa Hermes na Aphrodite, ambaye katika masimulizi ya Ovid mwili wake uliungana na wa Salmacis ndani ya maji. Mifano yake ilikuwa konokono wakubwa wa masika na nyungunyungu. Nyungunyungu wawili wakikutana, kila mmoja humpa mwenzake mbegu, kisha wote wawili hutaga.

Maalim na Bibi walishika kanuni moja: usihukumu kabla ya dalili. Ila kwa Bibi, dalili ilipoonyesha jinsia mbili, shauri lilikuwa limekwisha. Mpapai ule ulikuwa umeshabainika.

Serikali zilichelewa kufika hapo. Kenya iliwahesabu huntha katika sensa kwa mara ya kwanza mwaka 2019, wakaandikishwa 1,524. Kabla ya hapo, kila mmoja wao alitiwa katika fungu la wanaume au la wanawake, bila kungoja ua.