Kuchora Tu Hakutakupa Kazi

Kila wiki kuna mtu ananiuliza inboksi: "Nikisomea fesheni nitapata kazi, ama nitakaa nyumbani na cheti?" Hilo ni swali la karo ya mzazi, kwa hivyo wacha nijibu bila kuzunguka.

Kazi ziko, lakini si pale tunapoangalia. Sote tunataka lebo yetu na mamodo jukwaani. Nafasi nyingi za mshahara ziko kwa viwanda vya EPZ kama vile vya Athi River, na huko wanatafuta mkataji, mshonaji wa cherehani ya umeme, mkaguzi wa ubora na fundi wa mashine. Mchoraji hatafutwi sana, maana mwenye oda huja na mchoro wake kutoka ng'ambo.

Hata hizo kazi zina presha. Nguo nyingi za huko huuzwa Marekani kupitia AGOA, mpango wa mwaka 2000 wa kuingiza bidhaa bila ushuru. Kila muda wake unapokaribia kuisha, dada wa cherehani ndiye hukosa usingizi. Oda zikipungua, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa apumzike.

Mimi chuoni nilichorishwa miaka miwili. Kukuza na kupunguza saizi? Wiki moja tu, tena cherehani moja tukiigombania watu sita. Nilipomaliza, kwaya fulani ikataka sare 30, kuanzia saizi ya msichana mwembamba hadi ya mama wa sauti ya nne. Nikaenda Jericho Market, nikamlipa fundi mmoja anifundishe. Alinionyesha kwamba kitambaa kina mwelekeo wa uzi, na ukikata kinyume gauni litajipinda likifuliwa. Alinifundisha pia kupiga hesabu: kitambaa, bitana, zipu, stima, nauli, na masaa yangu. Hayo masaa ndiyo wengi wetu husahau, halafu tunashangaa mbona tuko bize na mfuko ni mtupu.

Halafu kuna mitumba. Shati la Gikomba linaweza kuwa bei ya chini kuliko kitambaa peke yake, kwa hivyo usishindane na mitumba kwa bei, utaumia. Uza kile ambacho marobota hayana: nguo iliyokatwa kwa mwili wa huyo mteja, sare 30 zinazofanana, gauni la harusi lililo tayari siku ya harusi.

Na akili mnemba? Inachora gauni kwa sekunde, lakini haiwezi kumpima shosho kiuno. Kama unachojua ni kuchora tu, hapo ndipo shida iko.

Kwa hivyo soma fesheni, lakini kabla ya kulipa karo uliza: cherehani ni ngapi, na wanafunzi ni wangapi? Nitakata nguo halisi lini? Kama karo hakuna, jifunze kwa fundi wa mtaani, kisha ufanye mtihani wa NITA, kuanzia Gredi ya 3 hadi ya 1. Hicho nacho ni cheti, na mikono yako itakuwa inajua kitu.

Chuo kikishindwa kukujibu hayo maswali mawili, beba karo yako urudi nayo nyumbani.