Thailand inaonyesha utamaduni wake kwa wageni wa biashara: nani anashika mlango?

Mfanyabiashara wa Butembo anayeenda Asia kutafuta nguo haendi kule kuangalia mahekalu. Anavuka mpaka wa Kasindi, anapanda ndege Entebbe, anabadilisha Addis-Abeba ao Nairobi. Akifika Bangkok, njia yake ni moja: soko la Pratunam ao soko la Bobae, pale nguo zinauzwa kwa dazeni na kwa mafungu. Waafrika wengine wanaouza mawe ya thamani wanaendelea hadi Chanthaburi, kusini-mashariki ya Bangkok, ambako mwisho wa juma wanunuzi na wauzaji wanakaa mezani wakipima mawe kwa mwangaza wa taa. Mzigo ukishafungwa, kila mtu anafikiri namna ya kurudi nyumbani.

Lakini Thailand ilielewa jambo moja tangu zamani: mtu aliyekuja kwa kazi ana saa za bure, na ndani ya saa hizo kuna feza. Mwaka 2002 serikali iliunda ofisi maalum ya kuvuta mikutano, maonyesho ya biashara, na zile safari ambazo makampuni yanawapa wafanyakazi kama zawadi. Jumba la mikutano la Queen Sirikit pale Bangkok lilifunguliwa mwaka 1991, likajengwa upya, na Septemba 2022 likafunguliwa tena. Miezi miwili baadaye lilipokea wakubwa wa inchi za APEC. Mwaka 2019, kabla ya Korona, inchi hiyo ilipokea wageni karibu milioni 40. Mwaka 2020 hawakufika hata milioni 7. Mwaka 2024 walikuwa wamerudi zaidi ya milioni 35.

Basi kundi la biashara linapomaliza mkutano, linapelekwa wapi?

Mara nyingi linaanza kwenye Jumba Kuu la Kifalme, lililoanza kujengwa mwaka 1782 chini ya mfalme Rama wa kwanza. Ndani yake kuna hekalu la Wat Phra Kaew, lenye sanamu ya Buddha ya jiwe la kijani, ndogo kabisa, urefu wake sentimeta 66 hivi. Mfalme mwenyewe anabadilisha nguo za sanamu hiyo mara tatu kwa mwaka: wakati wa joto, wakati wa mvua, wakati wa baridi. Mgeni analipa baht 500, ni kusema dolari 15 hivi. Mwenyeji haingii kwa kulipa, maana ni kwake. Na sheria ni moja kwa wote: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe. Mkurugenzi aliyekuja na kaptula anatafutiwa kitambaa cha kujifunga kabla ya kupita, hata kama kampuni yake ina feza namna gani.

Karibu na pale kuna Wat Pho, hekalu lenye Buddha aliyelala, urefu wake mita 46. Watu wanapiga picha nyayo zake, halafu wanaenda kukandwa mgongo. Ukandaji huo si mchezo wa watalii. Mafundisho yake yamechongwa kwenye mawe ya hekalu tangu karne ya 19, shule inafundisha pale pale, na mwaka 2019 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono. Fundi anayekanda ana cheti chake, ana saa zake, jioni anaenda kwake.

Wenye siku nzima wanapelekwa Ayutthaya, kilometa 80 hivi kaskazini. Ule ulikuwa mji mkuu tangu mwaka 1350 hadi 1767, jeshi la Birmania lilipouchoma. Leo mgeni anatembea katikati ya minara ya matofali na sanamu zisizo na vichwa. Wengine wanaenda Damnoen Saduak, soko la juu ya maji, ambako wamama wanauza matunda na chakula ndani ya mitumbwi. Mfereji wenyewe ulichimbwa karne ya 19 kwa usafiri na biashara ya mazao. Siku hizi pale watalii ni wengi kuliko wanakijiji wanaonunua mboga, lakini mama mwenye mtumbwi bado anajua bei yake na anajua kukataa.

Desturi ya safari hizi inabadilika pia. Zamani kundi lilipanda tembo, likapiga picha, likaondoka. Sasa makampuni mengi hayataki tena picha ya wafanyakazi wao juu ya mgongo wa tembo, na kambi nyingi kule Chiang Mai zimeacha kupandisha watu. Makundi yanaomba kupika pamoja na wenyeji, kufuma, kulala kijijini. Mgeni wa biashara ameanza kuuliza kama kile anachoonyeshwa kinamnufaisha mwenye nacho.

Swali hilo linafaa liulizwe hadi mwisho wa barabara, katika jimbo la Mae Hong Son, kwenye mpaka wa Myanmar.

Kule wanaishi Wakayan, ambao watalii wanawaita watu wa shingo ndefu. Wanawake wao wanavaa waya mnene wa shaba ya manjano uliozungushwa shingoni, wengine tangu wakiwa na miaka 5 hivi. Shingo yenyewe hairefuki; uzito wa shaba unasukuma chini mabega na mbavu za juu. Ni pambo la kwao, la tangu wazee wao. Lakini hawakufika Thailand kuonyesha pambo. Walikimbia vita katika jimbo la Kayah, miaka ya 1980 ikielekea mwisho na miaka ya 1990. Walivuka mpaka na watoto mgongoni, kama mhami yeyote anavyovuka.

Wakimbizi wengine waliwekwa kambini. Wakayan wengi waliwekwa katika vijiji vya kando, na mlangoni pakawekwa mtu wa kukata tikiti: baht 250 kwa mgeni. Wanawake wenye shaba walikuwa wakipewa malipo madogo ya mwezi, na walikuwa wakiuza vitambaa mbele ya nyumba. Mabasi yalikuja, watu wakapiga picha, mabasi yakaondoka.

Thailand haijatia saini mapatano ya mwaka 1951 juu ya wakimbizi. Kwa hiyo watu hawa walikaa miaka na miaka bila haki ya kutembea na kufanya kazi wanapotaka. Kufikia mwaka 2005, Zelande Mpya na Finland zilikuwa tayari kupokea baadhi yao. Ruhusa ya kutoka haikuja. Wakubwa wa pale walijibu kwamba watu hao wanaishi vizuri kwa feza ya watalii, na kwamba hawahesabiwi kama wakimbizi wa kambini. Mwaka 2008 jambo hilo lilifika kwenye redio na magazeti ya dunia. Msemaji wa UNHCR huko Asia alifananisha vijiji hivyo na bustani ya wanyama, ila ndani wamewekwa watu. Wanawake wengine walikuwa wameshavua shaba zao, wakikataa kuwa sababu ya tikiti. Baadaye mlango ulifunguka, na wengine wakaweza kuondoka.

Familia iliyopita Kanyaruchinya, Bulengo ao Lushagala haina haja ya kuelezwa habari hiyo sana. Inajua gari nyeupe zinazosimama kwenye mlango wa kambi, wageni wanaoshuka na kamera, mtoto anayesukumwa mbele kwa kuwa nguo yake imepasuka zaidi. Inajua kukaa mbele ya turubai, ukiangaliwa, bila kuulizwa jina. Mara nyingine msaada ulifuata. Mara nyingine picha ilienda na msaada haukuja. Hata pale msaada ulipofika, kitu fulani kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa: ile haki ya mtu kufunga mlango wake na kusema, leo hapana.

Hapo ndipo Wat Pho na kijiji cha Mae Hong Son vinaachana, hata kama vyote viwili vinaitwa utamaduni katika karatasi ya ratiba ya mgeni. Pale Bangkok, mwenye utamaduni ndiye anayeweka sheria, na mgeni ndiye anayefunikwa mabega. Kule mpakani, mwenye utamaduni alikuwa hawezi hata kuondoka. Tofauti haiko katika uzuri wa ngoma ao wa kitambaa. Iko katika mlango: nani anashika ufunguo, na anayeangaliwa anaweza kutoka?

Ukweli, kule kwenyewe mambo yamesogea kidogo. Katika kijiji cha Huay Pu Keng, kando ya mto Pai, wakaaji walianza kupokea wageni kwa namna nyingine. Mgeni anakaa na familia, anafundishwa kufuma ao kuchonga mbao, anakula, anaongea na watu. Na Agosti 2025 serikali ya Thailand ilikubali wakimbizi wa Myanmar waliokaa miaka mingi katika kambi za mpakani watafute kazi kwa njia ya sheria. Si mwisho wa shida, lakini mtu mwenye mshahara halazimiki kuuza sura yake.

Jambo hili halikai Asia peke yake. Uganda, karibu na msitu wa Bwindi, Batwa waliotolewa msituni hifadhi ilipoundwa mwaka 1991 wanachezea watalii ngoma ya maisha waliyonyang'anywa. Na huku Kivu, siku amani itakapotulia na uwanja wa ndege wa Goma kufunguliwa, wageni wa biashara watafika. Watataka kuona Nyiragongo, ziwa, sokwe wa Virunga, na pengine ngoma za vijiji ambavyo leo havina watu. Atakuwepo mtu wa kuwapangia ratiba.

Siku hiyo wenye vijiji wakae kwanza chini na kupatana: nani anakata tikiti, feza inaingia mfuko gani, picha gani inapigwa na gani haipigwi, na nani anaweza kusema basi. Wasingoje basi la kwanza lisimame ndipo waanze kuuliza. Na mfanyabiashara wa Butembo, akipata mchana wa bure kule Bangkok, aende Wat Pho aone namna fundi anavyopokea mgeni bila kujishusha. Huo ni ujuzi wa kuleta nyumbani pamoja na mafungu ya nguo, na forodha ya Kasindi haiutozi ushuru.