Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili.

Unataka kuacha kazi benki, uhame Dodoma, uje tufanye wote biashara ya dagaa. Baba yako amenipigia simu akitaka nikukataze. Sitakukataza. Mimi mwenyewe nilitoka kwenye kiwanda cha minofu nikaingia soko la Mwaloni, na dagaa ndio waliowasomesha binamu zako. Baba yako anaona mshahara ndio usalama, na namwelewa, lakini sisi tuliokuwa viwandani mwaka 1999 tunakumbuka Ulaya ilipofunga soko la sangara wa ziwa hili kwa habari za wavuvi kutumia sumu. Watu wenye vitambulisho shingoni na mikataba kabatini walirudishwa nyumbani kwa jambo ambalo hawakulifanya. Kwa hiyo hofu peke yake isikuzuie. Ninachotaka ni utoke ukiwa umejiandaa, na maandalizi ninayoyasema si fedha tu.

Umezoea mshahara unaoingia tarehe ileile. Huku tunafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa: wadudu wa majini wanafuata mwanga, dagaa wanafuata wadudu, wavu unashushwa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu tena, mitumbwi inavutwa ufukweni na kambi nzima inapumzika. Siku hizo mzigo mpya hakuna, lakini kodi ya stoo ipo palepale na watoto wanataka kula. Siku za giza ndizo zinazolisha siku za mbalamwezi. Mtu aliyetoka kwenye mshahara akishika faida ya wiki nzuri hudhani ni yake yote, akanunua kochi. Wewe jilipe. Panga kiasi, kiwe kidogo kuliko unachopata benki, ujilipe tarehe moja kila mwezi. Kinachobaki ni cha biashara, nacho kikae kwenye laini nyingine ya simu ambayo hata mimi shangazi yako sitaijua nikija na shida ya harusi.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu zako hazilioni. Dagaa wanaoshushwa alfajiri Igombe au Kayenze wakipata jua la kutwa, jioni wameshakauka. Mvua ikiwakuta saa nane mchana, rangi inageuka, harufu inaanza, na mzigo uliokuwa wa watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Na hata waliokauka si wote sawa. Mnunuzi kutoka Kongo akifika Mwaloni hana maneno mengi. Anazamisha mkono mpaka katikati ya gunia, maana juu kila mtu huweka wazuri. Anatoa konzi, anamvunja dagaa mmoja asikie kama amekauka, anamtafuna mwingine taratibu. Meno yakikuta mchanga, anarudisha konzi guniani na kuhamia kwa jirani. Hakutukani wala haombi punguzo. Anaondoka tu. Ndiyo maana mimi naanika juu ya chanja, miti na nyavu kuukuu zilizoinuliwa hadi kiunoni, sianiki mchangani. Kuzitengeneza ni gharama, na kila msimu kuna mti wa kubadilisha, lakini wanunuzi wangu wa Kongo na Burundi wanajua stoo yangu ilipo.

Sasa nikwambie lile ninalolitaka zaidi. Umeniandikia akiba yako ni kiasi gani na faida itapatikana lini. Hesabu ni safi, kazi ya benki imekufunza. Lakini sikuona humo mstari wa mali kauli. Hapa mzigo mwingi hutembea kwa neno la mtu. Mwenye kambi kisiwani Kome anakupa magunia bila kupokea shilingi, unauza, unamrudishia chake. Mwenye boti anapakia, anasubiri. Akiba yako yote itanunua mzigo, na mvua ya siku mbili inaweza kuumaliza. Atakayekupa mzigo mwingine baada ya mvua hiyo ndiye mtaji wako. Huyo hakujui kwa shahada wala kwa cheo ulichokiacha. Anakujua kwa kuwa ulimlipa siku uliyoahidi, hasa ile mara uliyopata hasara na bado ukalipa. Jina la namna hiyo halijengwi kwa mwezi mmoja, na ukianza kulijenga siku ambayo huna mshahara, njaa itakulazimisha kula fedha za watu.

Basi lijenge sasa, ukiwa bado benki. Nitakutumia magunia mawili kwa basi, mali kauli. Watafute mama lishe na wenye vibanda soko la Majengo huko Dodoma, wapelekee baada ya kazi na Jumamosi. Tupange tarehe ya kunilipa, nami nitakudai kama ninavyomdai mtu yeyote. Marehemu Reginald Mengi hakuruka gizani. Alikuwa mhasibu mkubwa pale Coopers and Lybrand, akaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake huku ajira anayo, na hakuondoka mpaka 1989, biashara ilipokwisha kusimama. Watu wanapenda kusimulia utajiri wake. Mimi napenda ile miaka aliyofanya yote mawili, kwa kuwa ndiyo unayoweza kuiiga.

Na wateja wako wawe wengi, uwe na namba zao. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, sote tulifurahi. Wagonjwa wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko. Lakini foleni ya magari ndiyo ilikuwa soko la kina mama wa pale, wa mayai, matunda na samaki wa kukaanga. Gari halisimami tena. Ninaowafahamu waliokuwa na wateja wa kuwapigia simu wamehamia kwingine na wanaendelea. Waliomtegemea yeyote atakayesimama wamepata taabu sana, na walikuwa wachapakazi.

Ya makaratasi nayagusa tu, wewe unayajua kunishinda. Sheria ya Ajira ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Zile siku saba za mshahara kwa kila mwaka wa kazi ni za anayeachishwa na mwajiri, usizihesabu kwenye mtaji. Michango ya NSSF iendeleze mwenyewe, maana waliojiajiri wanapokelewa. Bima ya afya ya kazini itakoma, tafuta nyingine kabla. Na ule mkopo wa mshahara uliojengea nyumba ya Nkuhungu, umalize kwanza. Hapa sitaki tujadiliane. Deni la benki halijui mbalamwezi.

Baba yako niachie, nitaongea naye nikienda Magu. Nitamwambia huachi kazi mwaka huu, na nitamwambia pia kwamba ukiiacha nitakuwa upande wako.

Likizo yako usiichukue Juni wala Julai. Kiangazi kila mtu ni fundi wa kukausha dagaa. Chukua Aprili, masika yakiwa yamekolea. Siku 28 za likizo zinatosha kupita giza moja na karibu mbalamwezi nzima. Uje na buti za mpira, koti la mvua na daftari. Saa kumi alfajiri tutaondoka nyumbani kwenda Igombe, na siku ya kwanza usinunue kitu, kaa pembeni uangalie nani anapewa mzigo bila kutoa fedha. Magunia nitayapakia Alhamisi, namba ya basi nitakutumia kwa ujumbe.

Shangazi yako akupendaye