Wanaoamka kabla ya kengele: shule za bweni za Lushoto

Kila Julai mabasi yanayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto hubeba matranka, magodoro na ndoo kuliko mwezi mwingine wowote. Ni msimu wa kidato cha tano. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne Temeke, Lindi au Kahama amepangiwa shule ya milimani, na mzazi ambaye Usambara aliisikia tu kwenye somo la jiografia sasa anakaa dirishani akihesabu kona.

Barabara ni ya kilomita 30 na ushei, na sehemu kubwa ya njia upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde. Soni hupitwa na maporomoko yake, kisha hewa inabadilika. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliupenda mji huu kwa ubaridi wake wakauita Wilhelmstal, na majengo yao kadhaa bado yanatumika. Wilaya imekuwa na shule za bweni kwa miaka mingi: Magamba, Kifungilo ya wasichana, Seminari ya Soni na nyingine.

Wazazi wengi wakifika wanataka kumwona mkuu wa shule. Ni haki yao. Lakini mkuu wa shule mara nyingi yuko kwenye kikao wilayani, na hata asipokuwapo wiki nzima, uji utaiva. Wanaoufanya uive ni watu ambao mzazi huwapita getini bila hata kuwauliza jina.

Tuanze na mpishi, maana siku ya shule huanzia kwake. Moto wa uji huwashwa usiku, saa tisa au saa kumi, wakati ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha ya mabweni. Kuna jambo moja ambalo mpishi aliyetoka Tanga mjini hulazimika kujifunza upya akifika huku: maharage hayaivi kama ya nyumbani. Katika kimo hiki maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 95, si 100 kama pwani. Mapishi yale yale, maharage yale yale, lakini muda unaongezeka na kuni zinaongezeka. Ndiyo maana katika majiko mengi maharage ya mchana huloweshwa tangu jana yake. Mtoto anayeandika nyumbani kwamba maharage ya shule ni magumu huenda anasema kweli, na kosa si la mpishi peke yake.

Hesabu ya unga nayo si ndogo. Mwanafunzi mmoja akila nusu kilo kwa siku, shule ya wanafunzi 600 inamaliza kilo 300, yaani magunia matatu ya kilo mia mia, kila siku ya Mungu. Ugali wa kiasi hicho hausongwi na mtu mmoja. Wawili husimama pande mbili za sufuria na miiko mirefu kama makasia, na wanaume wenye mabavu hutoka jasho Julai hiyo hiyo ambayo wanafunzi wanatetemeka.

Halafu kuna suala la kuni. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi. Kwa misitu ya Usambara hiyo ni habari njema. Kwa mapafu ya wapishi ni njema zaidi, maana mtu aliyepika miaka 15 kwenye jiko la moshi hujulikana kwa kikohozi chake hata gizani. Mabadiliko hayo yanahitaji fedha na mafundi, na pale ambapo havijafika, moto wa kuni bado ndio unaowalisha watoto.

Sasa swali ambalo wazazi wachache huuliza: nani anamlipa mpishi huyu?

Mwalimu ni mwajiriwa wa Serikali. Katika shule nyingi za umma, mpishi na mlinzi si waajiriwa wa aina hiyo. Wameajiriwa na shule yenyewe kwa mkataba, na malipo yao hutegemea mchango. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafutwa kupitia bajeti ya mwaka 2022/23. Watu wengi wakaelewa kwamba kila kitu sasa ni bure. Lakini angalia fomu ya kujiunga aliyopewa mtoto. Katika fomu za shule nyingi, katikati ya orodha ya fagio, rimu ya karatasi na shuka mbili, kuna mstari mfupi wa mchango wa wapishi na walinzi. Ndio mstari ambao wazazi huuruka kwa wepisi zaidi. Mzazi anasema atalipa muhula ujao, na muhula ujao anasema hivyo hivyo. Mtu anayesubiri fedha hiyo anapanga chumba mjini na ana watoto wake wanaosoma shule za kata.

Si vibaya mzazi kudai risiti na maelezo ya matumizi. Afadhali kudai kuliko kunyamaza na kutolipa.

Stoo iko pembeni ya jiko, na mtunza stoo ni mtu wa kuogopwa kidogo. Hatoi hata chumvi bila kuandika leja. Huku milimani adui wake si panya tu bali unyevu. Mahindi yaliyolala kwenye sakafu ya saruji wakati wa ukungu huota kuvu, na kuvu wengine huzaa sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo magunia hupangwa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na madirisha hufunguliwa jua likitoka hata kwa saa mbili. Mtunza stoo mzuri akinusa gunia anajua.

Lakini kama mzazi ana nafasi ya kuzungumza na mtu mmoja tu kabla basi la kurudi halijaondoka, amtafute matroni, au patroni kama mtoto ni wa kiume.

Katika shule za Serikali matroni mara nyingi ni mwalimu anayefundisha vipindi vyake kama kawaida, kisha jioni anaanza kazi ya pili. Yeye ndiye anayegongewa mlango saa nane za usiku mtoto akibanwa na pumu, na baridi ya Lushoto haiwahurumii wenye pumu. Ndiye anayejua nani hajala siku mbili na nani analia chooni. Mtoto akitoka pwani akiwa na vimelea vya malaria, homa inaweza kumshika akiwa huku juu, na mtu akadhani ni mafua ya baridi. Matroni aliyeambiwa mapema kwamba mtoto katoka Muheza au Kilwa hatapoteza siku mbili. Mwambieni. Mwambieni na dawa anazotumia, na mwachieni nakala ya kadi ya bima.

Usiku huhesabu. Anahesabu vichwa, anahesabu vitanda, anaangalia kama mlango wa dharura unafunguka na ufunguo uko wapi. Wanafunzi huona ni usumbufu. Watu wenye umri wa kutosha wanakumbuka Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, ambako moto wa bweni uliua wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni Idodi, Iringa. Matroni anayemnyang'anya mtoto mshumaa au kifaa cha kuchemshia maji, kisha akampigia simu mzazi kulalamika, anastahili kujibiwa kwa heshima. Kuna wazazi wanaomjibu kwamba mtoto wao anasikia baridi. Basi mnunulieni sweta la pili: soko la Lushoto lina mitumba mizuri, na bei haimfukuzi mtu.

Mlinzi wa getini naye ana kazi ambazo hazikuandikwa popote. Shule nyingi bado zina ringi ya gari iliyotundikwa mtini, na yeye ndiye anayeigonga alfajiri umeme ukiwa umekatika. Anawajua waendesha bodaboda wote wa mji, na yupi asikaribie geti. Wanafunzi humwita babu. Wazazi wengi humwita "wewe".

Mei, kidato cha sita wakimaliza mtihani, shule hubaki kimya kwa siku chache. Matranka hupakiwa juu ya mabasi, ndoo zilizopasuka hutupwa, na magodoro mengi huachwa kwa sababu hakuna anayetaka kuyabeba hadi Dar es Salaam. Matroni huyatoa juani, kisha huyasimamisha ukutani, mazima upande mmoja, yaliyochanika upande wa pili. Julai hakosekani mtoto anayeshuka kwenye basi bila godoro.